Flopi, CD au Flashi? Historia Iliyomo Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Likizo iliyopita, shangazi yangu anayeishi Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, alinikabidhi kompyuta kuukuu ambayo Windows XP yake ilikuwa haiwaki tena. Ndani yake mlikuwa na hesabu za kikundi chao cha akiba: nani ameweka, nani amekopa. "Mwanangu," aliniambia, "hizo ni pesa za watu. Zisipotee."

Nilitayarisha flashi, nikidhani kwamba chombo kipya ndicho bora. Kompyuta haikuitambua. Nilipofungua orodha ya BIOS, nilikuta vyombo vitatu tu vya kuanzia: flopi, CD na diski kuu. Kwa mwanafunzi wa historia, orodha ile ni hati. Inaonyesha watengenezaji walitarajia watu wabebe nini mkononi.

Flopi ya inchi 3.5 ilibeba MB 1.44 tu. Mwaka 1995, kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni ya El Torito, iliyoiwezesha kompyuta kuanza kwa CD. CD moja ya MB 700 ni sawa na flopi karibu 500. Flashi ziliingia sokoni mwaka 2000, lakini kompyuta nyingi za miaka ile hazikuweza kuanza kwazo.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, intaneti nayo iliamua mambo. Kabla ya nyaya mpya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na kupakua mfumo mzima kulikuwa ghali. Ndiyo maana Ubuntu, mradi ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulituma CD za bure kwa posta hadi mwaka 2011. Bahasha ilifika mahali ambapo waya haukufika.

Leo mambo yamegeuka: mfumo nilipakua kwa simu, lakini CD tupu sikuipata katika maduka niliyoyapitia Arua. Niliipata Koboko, kwa kijana aliyewahi kuuza nyimbo. Nikaandika humo Puppy Linux, mfumo mdogo ulioanza mwaka 2003, ambao hufanya kazi ndani ya RAM bila kugusa diski kuu. Kompyuta ikawaka. Flashi iliyokataliwa mwanzoni sasa ikaonekana, nikanakili humo hesabu zote. Shangazi alizikagua jina kwa jina. Aliporidhika, ndipo nilipothubutu kufuta diski na kusakinisha mfumo mpya.

Nahitimisha kwamba kuuliza chombo kipi ni bora ni kuuliza nusu ya swali. Tuulize kwanza mashine inafahamu nini, mahali petu pana nini, na ndani ya diski mna mali ya nani.