Makaburi ya Askari na Wapagazi wa Vita katika Nchi ya Ufipa

Siku hizi ziko serikali na vyama, katika nchi mbalimbali, vitoavyo fedha ili makaburi ya watu waliotumika vitani yawekewe mawe na vibao vya kumbukumbu. Ni kazi njema, wala hapana padre wala mwalimu atakayeipinga. Lakini mtu wa Sumbawanga, Kasanga au Mwazye akitaka kuomba fedha hizo, ataulizwa kwanza maswali matatu: aliyelala hapa ni nani, alitumika katika jeshi gani, na ushahidi uko wapi? Kwa makaburi mengi ya Ufipa hapana jibu lililoandikwa. Basi twataka kuonyesha kwa sababu gani jambo limekuwa hivi, na kwa nini huku kwetu kazi ya kutafuta majina yapasa kutangulia kazi ya kuchonga mawe.

Tuanze na maneno. Neno askari limetoka katika Kiarabu. Mpagazi ni neno la safari za zamani za bara, la watu waliochukua mizigo ya pembe na nguo kabla ya serikali za Kizungu. Upande wa Nyasa na wa Rodesia ya Kaskazini wachukuzi wa vita waliitwa tengatenga. Huko Dar es Salaam, kambi ya wachukuzi wa Waingereza ilikuwa mahali paitwapo sasa Kariakoo, na jina hilo ni lile jina la Kiingereza la kikosi chao lililogeuzwa katika vinywa vya watu. Leo maelfu huenda Kariakoo kununua na kuuza, wala wengi hawajui ya kuwa watamka jina la jeshi la wachukuzi.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilifika Ufipa kwa sababu ya mpaka na ziwa. Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, palikuwa na boma la Wajerumani lililoitwa Bismarckburg, nalo ndilo lililoitawala Ufipa. Ng'ambo ya mpaka Waingereza walikaa Abercorn, ambayo sasa ni Mbala katika Zambia. Mwishoni mwa Julai 1915 Wajerumani waliizingira ngome ya Saisi, isiyo mbali na Abercorn, na katika siku za kwanza za Agosti wakaiacha bila kuipata. Mwisho wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka. Kikosi cha Kanali Murray kiliichukua Namema, kisha tarehe 8 Juni kikaingia Bismarckburg na kukuta walinzi wa boma wamekwisha kukimbia kwa njia ya ziwa. Tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, akiwa na askari Waafrika 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500. Askari hao walipelekwa kwa meli mpaka Kigoma, na kutoka huko mpaka Tabora. Hivyo Ufipa ilikuwa njia ya vita mwanzoni na mwishoni.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wapagazi walihitajiwa kwa wingi namna ile? Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa haba. Kwa hiyo risasi, unga na dawa zilikwenda juu ya vichwa vya watu. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii: mtu akichukua ratili 60 za unga, naye mwenyewe akila ratili 2 kila siku, akienda siku 15 na kurudi siku 15 amekwisha kuumaliza mzigo wote, wala askari aliye mbele hakupata hata kibaba. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na ghala zake, ndivyo watu wengi zaidi walivyotakiwa ili kumlisha askari mmoja.

Wengi wa watu hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa kichomi, kwa homa, na kwa kula unga usioiva vema baada ya mwendo wa kutwa. Waingereza peke yao walitumia wachukuzi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki. Vifo vilivyoandikwa vyapita 40,000, na wataalamu wengine wakadiria kwamba vilikaribia 100,000. Aliyeanguka njiani alizikwa kando ya njia, na safari ikaendelea.

Mwaka 1917 Waingereza walianzisha Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kutazama cheo, kabila wala dini. Katika Ulaya kanuni hiyo ilishikwa. Katika Afrika ya Mashariki wakuu wa Tume na wa serikali waliamua kwamba makaburi ya wachukuzi yaachwe yarudi kuwa pori, na mahali pa majina isimamishwe sanamu moja kwa ajili ya wote. Hiyo ndiyo asili ya Sanamu ya Askari iliyofunuliwa Dar es Salaam mwaka 1927, na ya ile ya Nairobi ya mwaka 1928, ambamo mchukuzi amesimama pamoja na askari. Ni sanamu nzuri, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Lakini mjane aliyemngoja mumewe hakuweza kumtafuta hapo, kwa maana jina lake halikuandikwa.

Katika vita vya pili mambo yalikuwa mengine. Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na wengine walifika mpaka Burma. Askari wa Afrika ya Mashariki aliyekufa huko mwaka 1944 asipate kaburi lijulikanalo, jina lake limechongwa katika ukumbusho wa Taukkyan, karibu na Rangoon. Baba yake aliyekufa mwaka 1917 akichukua unga katika nchi yake mwenyewe hana hata herufi moja.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa na kukiri kosa hilo, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Taarifa ilieleza kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, walikumbukwa pasipo usawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kazi ya kutengeneza imeanza. Januari 2025 ulifunguliwa huko Cape Town ukumbusho wa Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliotumika bila silaha, na kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina lake. Yafaa tuangalie kwa nini iliwezekana: majina yao yalionekana katika daftari za zamani.

Hapo ndipo penye ugumu wetu. Msaada wa fedha hufuata sheria. Tume hiyo huwahesabu waliokufa kwa ajili ya utumishi wao kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 mpaka tarehe 31 Agosti 1921, na kwa vita vya pili kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 mpaka tarehe 31 Desemba 1947. Mzee aliyerudi nyumbani na nishani yake, akafa mwaka 1960, hayumo. Tena, aliyechukua mizigo ya Wajerumani kabla ya Juni 1916 na mizigo ya Waingereza baadaye, ataombewa jiwe kwa nani? Na wengine nao ni wakali kuhusu ushahidi. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1879, serikali hutoa jiwe kwa kaburi la askari lisilo na alama hata likiwa nje ya makaburi ya serikali, lakini mwombaji hana budi kuthibitisha utumishi wake. Wakfu wa William G. Pomeroy wa huko New York, utoao fedha za vibao vya historia, hudai hati za wakati ule ule. Hatuwezi kuwalaumu. Kibao chenye uongo ni kibaya kuliko kaburi lisilo na kibao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini misheni zina daftari. Wamisionari walipokea ngome ya Karema mwaka 1885, na kwa sheria ya Kanisa kila parokia huandika ubatizo, ndoa na vifo. Ni kweli kwamba wengi waliokufa mwaka 1916 hawakuwa wamebatizwa. Lakini mtoto wao akibatizwa baadaye, jina la baba huandikwa pamoja na lake. Kwa hiyo anayechunguza asitazame daftari la wafu peke yake, bali alitazame na lile la ubatizo, kisha alilinganishe na maneno ya jamaa.

Kwa habari ya mashahidi, tunao mfano wa zamani. Abrahamu aliponunua shamba la Makpela ili amzike Sara, alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wa mji, na haki ya kaburi ikasimama juu ya ushahidi wao. Mwalimu na afanye vivyo hivyo. Aende pamoja na wazee wa kijiji, aombe ruhusa ya wenye kaburi, aandike ni nani aliyesema, alisikia kwa nani, na mahali penyewe pako wapi. Nishani na karatasi za jeshi azinakili, wala asizichukue. Majina ayaandike kama Wafipa wenyewe watamkavyo, asiyageuze yapate sura ya Kiswahili, kwa maana jina lililogeuzwa halipatikani tena katika orodha.

Wako wasemao kwamba vita vile vilikuwa vya wageni, basi makaburi yake hayatuhusu. Tobiti hakuuliza maiti alitumika kwa mfalme gani kabla ya kumzika. Na taifa letu limekwisha kuonyesha njia kwa vita vyake lenyewe: huko Kaboya, Muleba, wamezikwa kwa heshima waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kila tarehe 25 Julai mashujaa hukumbukwa.

Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, kila parokia na kila shule ingeweza kufungua daftari moja kwa kazi hii. Gharama yake ni ndogo. Fedha za jiwe zaweza kungoja mwaka mmoja au hata kumi, lakini mzee aliyeonyeshwa kaburi na babu yake hawezi kungoja.