Newtoni au Ratili? Namba Iliyopoteza Chombo cha Mirihi

Leo nataka tuongee juu ya hesabu ndogo ambayo sisi waandishi wa programu huidharau: kugeuza vipimo vya kani.

Tarehe 11 Desemba 1998 NASA ya Marekani ilirusha chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kikachunguze hali ya hewa ya sayari ya Mirihi. Safarini, injini zake ndogo ziliwashwa mara kwa mara ili kisipoteze mwelekeo. Kila zilipowashwa zilikisukuma kidogo pembeni, kwa hivyo msukumo huo ulihitaji kuhesabiwa.

Programu ya kampuni ya Lockheed Martin, iliyotumika hapa duniani, iliandika msukumo huo kwenye faili kwa ratili za kani mara sekunde. Waongozaji wa chombo, kule JPL jimboni California, waliisoma faili hiyo kama newtoni mara sekunde, jinsi mapatano yalivyotaka. Ratili moja ya kani ni newtoni 4.448. Basi kila msukumo ukaonekana mdogo zaidi ya mara nne.

Linalonitisha ni kwamba hakuna programu iliyokwama. Kompyuta haijui ratili wala newtoni. Inaona namba tu. Waongozaji waliona hesabu hazilingani, wakaulizana kwa barua pepe, lakini suala halikufuatiliwa rasmi. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipita nyuma ya Mirihi na hakikusikika tena. Kilipangiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari. Hesabu za baadaye zikaonyesha kama 57, na chini ya 80 kisingestahimili.

Wengi husema mtu alisahau kuzidisha. Ni kweli, lakini kanuni ya kutumia newtoni ilikuwepo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni jaribio la kuhakikisha programu inaifuata.

Kwa hivyo mimi huandika kipimo ndani ya jina: msukumo_Ns, si msukumo tu. Nageuza mara moja, data inapoingia, kwa namba moja: 4.4482216152605. Kisha najaribu: ratili 10 ziingie, newtoni 44.48 zitoke.

Je, wewe kwenye programu zako, namba zina majina ya vipimo, ama unategemea kumbukumbu ya mwenzako?