Dawa za kukomesha degedege la muda mrefu (Mbinga na mwambao wa Nyasa)

Degedege au kifafa kikipita dakika 5 bila kukoma ni dharura: ni nadra kikome chenyewe, na kadiri kinavyoendelea ndivyo dawa zinavyozidi kushindwa. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga mjini ni kilomita 66 za kupanda milima ya Umatengo, kwa hiyo dozi ya kwanza haina budi kutolewa zahanati, kabla ya gari. Kwa watoto wa mwambao, malaria kali ni chanzo cha kuhofiwa. Kwa watu wazima, vifuko vya tegu wa nguruwe ubongoni ni miongoni mwa vyanzo.

Dawa za kuanzia ni diazepamu, lorazepamu na midazolamu. Zinafanya kazi kwa namna moja. Kinachozitofautisha zaidi ni njia ya kuziingiza mwilini. Diazepamu ndiyo iliyozoeleka. Mshipa wa mtoto anayetetemeka haupatikani kirahisi, hivyo kwa mtoto wa kilo 10 mhudumu huvuta miligramu 5, yaani mililita 1, huchomoa sindano, huingiza ncha ya bomba katika njia ya haja kubwa, kisha hubana makalio ili dawa isitoke. Hutuliza upesi, ila huondoka ubongoni mapema na degedege huweza kurudi. Msulini haifai, kwani hunyonywa polepole.

Midazolamu huchomwa pajani au hutiwa ndani ya shavu. Katika utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa 2008, midazolamu ya shavuni ilishindwa kwa asilimia 30 ya watoto, diazepamu ya haja kubwa kwa asilimia 43. Lorazepamu hudumu zaidi, lakini hutaka jokofu.

Zikishindwa hizo, hufuata fenobabitali au fenitoini. Kwa fenobabitali tahadhari ni kubwa: katika utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa 2000, watoto wenye malaria ya ubongo waliopewa fenobabitali ya kukinga degedege walipata degedege pungufu, lakini vifo viliongezeka zaidi ya maradufu. Dawa za kuanzia na fenobabitali huweza kuzima pumzi, hivyo mfuko wa kupumulishia uwe karibu, na sukari ya damu ipimwe.

Kwa mwambao huu, midazolamu ndiyo inayostahili kuwekwa kila zahanati. Nanyi wazazi, mlazeni mtoto ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa, mkimbizeni kituoni.