Kidevu Juu, Ulimi Kaakaani

Mtu asimamaye Haydom asubuhi, wilayani Mbulu, akaelekeza uso kusini mashariki, huuona Mlima Hanang umejitenga peke yake, kimo chake mita 3,417, na aghalabu umejitanda ushungi wa mawingu. Na hospitali iliyo nyuma ya mtazamaji huyo, ambayo Walutheri wa Norwei waliifungua mwaka 1955, imekuwa mlango wa tiba kwa Wairaqw na Wadatoga wa pande hizo. Kabla ya zama hizo, donda la mdomo lisilopona lilichunguzwa kwa nuru ya mlangoni na kwa ncha ya kidole, na jicho likakoma pale nyama ilipowazuia watazamaji. Kama saratani imekwisha kulila taya ama haijalifikia, hilo lilibaki katika ghaibu.

Maarifa ya kuuona mfupa uliofunikwa yalitoka Ujerumani mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipoupiga picha mkono wa mkewe kwa mionzi aliyoigundua, na bibi yule ikampasa autulize mkono juu ya bamba kwa muda mrefu, maana kutikisika kidogo kungaliivuruga sura yote. Tangu siku ile zilizaliwa sanaa mbili pamoja: ya mashine, na ya kumweka mtu mbele ya mashine. Ya kwanza imepewa nishani. Ya pili, nionavyo mimi, haijapata taadhima inayoistahili.

Na ajabu ni kwamba msingi wa sanaa hii ya pili ni mkongwe kuliko mionzi yenyewe. Mwaka 1882 wataalamu wa Kijerumani wa elimu ya maumbile ya binadamu walipatana mjini Frankfurt kwamba kila fuvu lipimwalo liwekwe sawa kwa mstari mmoja, utokao ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi ukingo wa juu wa tundu la sikio. Walikuwa wakipima wafu. Na katika miaka ya utawala wao huku kwetu, mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalichukuliwa hadi Berlin yakapangwa rafuni, jambo linaloutia moyo simanzi kila likikumbukwa. Mstari ule ule ndio autazamao leo mpiga picha za eksirei anapokisawazisha kichwa cha mgonjwa aliye hai, aliyekuja kwa miguu yake, na ambaye huombwa ruhusa kabla ya kuguswa.

Taya lina mushkili wake. Limepinda kama upinde, hata likipigwa picha ubavuni upande mmoja huangukia juu ya wa pili. Kwa hiyo kichwa huinamishwa, na kidevu kikanyoshwa mbele ili uti wa shingo usiifunike pembe ya taya. Kathleen Clark aliyakusanya mambo ya namna hii kwa kila kiungo cha mwili katika kitabu kikubwa kilichotoka London mwaka 1939. Baadaye, katikati ya karne ya 20, Yrjö Paatero wa Ufini alibuni mashine inayouzunguka uso na kulitandaza taya lote katika picha moja. Hapo mgonjwa huuma kijiti kwa meno ya mbele, hufumba midomo, na hubana ulimi kaakaani. Asipoubana, hewa iliyobaki juu ya ulimi huwa utando mweusi unaoificha mizizi ya meno ya juu.

Mwaka 1971, ilipofunguliwa hospitali ya KCMC huko Moshi, ambako wagonjwa wa kaskazini hupelekwa kwa rufaa, ndio mwaka ambao mashine ya CT, ionyeshayo mwili kipande kwa kipande, ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza Uingereza. Nayo ilileta ada yake: mwenye uvimbe wa shavu ama ufizi huambiwa ajaze hewa mashavuni kama avuviaye makaa, shavu liachane na ufizi, ijulikane uvimbe umeota wapi. Donda la mdomo wa nje halihitaji picha ili lionekane. Picha hutafuta taya lililo chini yake na tezi za shingoni. Mdomo wa chini ndio upokeao jua la nyanda za juu, na wenye ualbino huumia zaidi ya wote. Wengi wao wamehudumiwa na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa Moshi mwaka 1992.

Lakini maneno haya, kidevu juu, usimeze mate, usitikisike, huwafikia wazee ambao Kiswahili si lugha ya mama zao: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti. Mwenye kinywa kilichokazwa na maradhi hawezi kukiuma kijiti, na aliyejaa mate huogopa kulala chali asije akapaliwa. Huyo huinuliwa mabega kwa mto, akasubiriwa. Bibi wa Kidatoga huja na shaba shingoni na mikononi, na madini hayo huziba picha ama huitia michirizi. Mpiga picha mwenye adabu hazivui mwenyewe. Huonyesha kwa ishara, kisha hugeuka pembeni, na bibi huzivua moja moja akimkabidhi binti yake, anayezifunga katika pembe ya shuka na kungoja nje ya mlango mpaka taa nyekundu izimike.