Kuhesabu Kuanzia Idd

Kalenda ya Kiislamu huanza na Muharram. Waswahili wa pwani waliuita mwezi huo Mfunguo Nne, maana walikuwa wamekwishahesabu mitatu kabla yake. Mwezi wao wa kwanza, Mfunguo Mosi, ni Shawwal, unaoanza na Idd el Fitr. Saumu imekwisha, watu wamefungua, hesabu inaanza upya. Miezi huenda kwa namba hadi Mfunguo Tisa; kisha namba zinaachwa, na Rajabu, Shaabani na Ramadhani huitwa kwa majina yake.

Majina hayo nilifundishwa na nyanya yangu, ambaye hakuingia darasa la historia hata siku moja. Kwake Mfunguo Tatu ni Hija na Idd Kubwa, mwezi wa kuchinja na kugawa nyama. Mfunguo Sita ni Maulidi. Mtu akikopa pesa hakusema atalipa Juni. Alisema atalipa Maulidi yakipita.

Deni la namna hiyo lina utata wake. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo sikukuu zetu hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua. Mwaka 2000 ulipata Idd el Fitr mbili, moja Januari na nyingine Desemba. Huwezi kupanda mtama wala kutweka tanga kwa hesabu hiyo. Ndiyo sababu wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na kalenda ya pili, ya Nairuzi, inayofuata jua. Makunduchi, Unguja, bado wanaiadhimisha kwa jina la Mwaka Kogwa. Kazi ilikuwa na kalenda yake na ibada ikawa na yake, na watu wale wale waliziishi zote mbili.

Idd zote mbili zimekuwapo tangu zama za Mtume. Maulidi yalikuja karne kadhaa baada ya kufa kwake, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Mwenzangu mmoja wa chuo hasomi Maulidi. Husema dini ilikamilika, kilichoongezwa baadaye ni bidaa. Hoja yake naielewa, na kwa fikihi siwezi kumjibu, sina elimu hiyo. Ninachoweza ni kumsimulia habari za Lamu.

Waungwana wa Lamu walikuwa wakisoma Barzanji, maulidi ya Jaafar al-Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 akafika mjini sharifu kutoka Ngazija, Habib Swaleh, wa ukoo wa Jamal al-Layl wenye asili ya Hadhramaut. Alifundisha dini watu ambao wenye mji hawakuwahesabu kuwa wanafunzi: watumwa na wazao wa watumwa. Utumwa Kenya haukufutwa kisheria hadi 1907, kwa hiyo alikuwa akiwafundisha watu ambao bado walikuwa na bwana. Akaleta pia maulidi ya Ali al-Habshi wa Seiwun, yanayosomwa kwa matari. Wakubwa wakalalamika: ngoma ndani ya msikiti?

Nikisoma habari za malalamiko hayo, nasikia swali jingine chini yake, la nani anastahili kukaa ndani. Msikiti wa Riyadha na chuo chake vilisimama karibu na mwaka 1900. Habib Swaleh alifariki 1935, na kufikia hapo Maulidi yake yalikuwa yamekwisha kuwa ya Lamu nzima.

Kwetu hatutaji babu wa babu zetu walitoka wapi. Nyanya alijua, na alizikwa nayo. Nilipomuuliza, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jinsi mama yake alivyokwenda Maulidi akiwa amevaa nguo mpya, akasikiliza mpaka alfajiri, na hakuna aliyemwambia aondoke. Nadhani hilo lilikuwa jibu.

Tanzania huifanya siku ya Maulidi kuwa mapumziko ya kitaifa. Kenya haijafanya hivyo. Lamu hujaa hata hivyo. Wageni hufika kutoka pwani yote na visiwani, kuna zefe, mbio za punda na mashindano ya mashua, na usiku matari hulia Riyadha.

Mwenzangu yule bado hasomi Maulidi, na Idd tunakula pamoja. Nimemwambia tu kwamba akiyapinga ajue pia ni mlango uliofunguliwa kwa nani. Aliniuliza mwaka huu yatakuwa tarehe ngapi. Nilimjibu kwa hesabu ya nyanya: baada ya Idd ndogo, hesabu miezi mitano, halafu angalia juu.