Talaka, ulezi na kuasili mtoto: Mambo ya kumuuliza wakili kabla ya kumlipa

WENGI wanaomwendea wakili mjini Machakos kwa sababu ya ndoa iliyovunjika huamini kwamba wana kesi moja. Kwa hakika huenda wakawa na tatu au hata nne, na kila moja ina sheria yake, mahakama yake na gharama yake.

Talaka huvunja ndoa tu. Haiamui mtoto ataishi na nani, haigawi shamba wala nyumba, na haimfanyi mume mpya wa mama kuwa baba wa mtoto mbele ya sheria. Anayelipa ada ya talaka akidhani kwamba amelipia yote hayo hugundua ukweli miezi kadhaa baadaye, wakati fedha zimekwisha na mtoto angali anavutwa huku na huku.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza wakili halipasi kuwa bei. Swali la kwanza ni hili: mambo yangu ni mashauri mangapi, yatapelekwa katika mahakama zipi, na lipi litangulie?

Talaka

Ndoa zote nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inayotambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Wakili mwenye ujuzi atataka kujua kwanza ndoa yako ni ya aina gani, kwa kuwa sababu za talaka na ushahidi unaohitajika hutofautiana.

Kwa ndoa ya Kikristo, sheria inataja uzinzi, ukatili, upotovu uliokithiri, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka 3, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Hata pale ambapo wote wawili wameridhia kuachana, mwombaji hutakiwa kuthibitisha sababu mbele ya hakimu.

Kwa ndoa ya kimila, swali linaloweza kuzuka ni iwapo ndoa ilikuwapo kamwe. Miongoni mwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio huchukuliwa kuwa msingi wa ndoa. Sheria ya 2014 inataka ndoa za kimila nazo zisajiliwe. Ikiwa yako haikusajiliwa, mweleze wakili mapema, na umtajie wazee na jamaa walioshuhudia ntheo ambao wangali hai na wako tayari kufika mahakamani. Sheria hiyo pia inaruhusu wanandoa wa kimila kupitia usuluhishi wa wazee kabla ya mahakama kuamua ombi la talaka.

Waislamu huongozwa na sheria ya Kiislamu, na mashauri yao ya ndoa na talaka husikilizwa na Mahakama ya Kadhi iwapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake.

Talaka nyingine husikilizwa na mahakama ya hakimu. Katika Kaunti ya Machakos mahakama hizo ziko mjini Machakos, Mavoko, Kangundo na Kithimani. Mkazi wa Tala au Matuu ana haki ya kumuuliza wakili sababu ya kufungua kesi yake mbali na nyumbani, kwa kuwa kila kikao kinachoahirishwa ni nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Ulezi wa watoto

Shauri la ulezi hupelekwa katika Mahakama ya Watoto, na halihitaji kungoja talaka. Mzazi anaweza kuomba amri ya ulezi au ya matumizi ya mtoto hata kabla ya ndoa kuvunjwa, na hata kama wazazi hawakuwahi kuoana.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Aidha, kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo.

Kwa miaka mingi mahakama zimeelekea kumwachia mama watoto wenye umri mdogo, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kufanya vinginevyo. Hata hivyo, hiyo si haki isiyopingika. Mahakama hutazama ni nani aliyemlea mtoto hadi sasa, anasoma wapi, usalama wake, na maoni yake kulingana na umri. Mtoto aliyeachwa kijijini kwa nyanya wakati wazazi wakifanya kazi Nairobi au Athi River ni mfano wa hali ambayo wakili anapaswa kuielewa vizuri kabla ya kuandika hati yoyote.

Ni vyema kujua tofauti iliyopo kati ya ulezi wa kisheria na ulezi wa kila siku. Mzazi mmoja anaweza kuishi na mtoto ilhali wote wawili wanabaki na sauti kuhusu elimu, matibabu na dini yake. Wakili anayekuahidi kwamba mwenzako hatamwona mtoto tena anakuahidi jambo ambalo mahakama hulitoa kwa nadra.

Mara nyingine kesi haihitajiki. Afisa wa watoto wa serikali anaweza kuwakutanisha wazazi na kuwasaidia kuandika makubaliano kuhusu karo, chakula na siku za kumtembelea mtoto. Wakili mwaminifu atakueleza njia hiyo ingawa haimletei ada kubwa.

Na penye vipigo au vitisho, usingoje mashauri hayo. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inaruhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda anayedhulumiwa. Mwambie wakili jambo hilo katika kikao cha kwanza.

Baba au mama wa kambo

Shauri la kuasili mtoto husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ina kituo mjini Machakos. Si kazi ya kujaza fomu tu. Mtoto hutakiwa kuwa na umri usiopungua wiki 6 na kutangazwa kuwa huru kuasiliwa. Familia huchunguzwa, ripoti huandikwa, na mahakama humteua mtu wa kuyatetea maslahi ya mtoto wakati wa kesi.

Jambo linalowakwamisha wengi ni idhini. Ikiwa baba mzazi yu hai na anajulikana, idhini yake huhitajika. Mahakama inaweza kuiondoa haja ya idhini hiyo iwapo mzazi amemtelekeza mtoto, ameshindwa kumtunza mara kwa mara, hapatikani, au anaikataa bila sababu ya maana. Lakini madai hayo huhitaji ushahidi, si hasira: risiti za karo zilizolipwa na mmoja pekee, barua, ujumbe wa simu, na mashahidi. Mtoto aliyefikia umri uliowekwa na sheria naye hutakiwa kutoa idhini yake.

Hapa ndipo utaratibu wa mashauri unapokuwa na uzito. Mama ambaye ndoa yake ya kwanza ya kiserikali au ya Kikristo haijavunjwa kisheria hawezi kufunga ndoa nyingine halali, na kwa hivyo hawezi kuomba pamoja na mwenzake kama wanandoa. Mahakama hutoa kwanza amri ya muda ya talaka, kisha amri kamili. Hakikisha unayo amri kamili mkononi kabla ya kuanza kulipia shauri la kuasili.

Fikiria pia matokeo. Amri ya kuasili humwondolea mzazi wa awali haki na wajibu wake. Mtoto hurithi kwa aliyemwasili kama aliyezaliwa naye, lakini baba wa awali hadaiwi tena matumizi, na mtoto hahesabiwi tena kuwa wake katika urithi usio na wosia. Ndoa mpya ikivunjika, aliyemwasili hubaki kuwa mzazi. Anayetaka tu mtoto abadilishiwe jina katika shule hana budi kuambiwa haya kabla ya kutia sahihi.

Ikumbukwe kwamba Sheria ya Urithi humtambua mtoto ambaye marehemu mwanamume alimkubali kuwa wake au kujitwika wajibu wa kudumu wa kumtunza. Baba wa kambo pia anaweza kuandika wosia. Kwa Waislamu, Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua kafala, yaani kumlea mtoto bila kuikata nasaba yake. Muulize wakili iwapo njia hizo zinatosha.

Mali

Kugawa mali ni shauri jingine, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mchango unaotambuliwa si fedha pekee: kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima na kusimamia biashara ya familia pia huhesabiwa. Hata hivyo, Mahakama ya Juu iliamua Januari 27, 2023 kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa katika Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande lazima uonyeshe mchango wake. Wakili anayekuhakikishia nusu ya mali kabla ya kuona stakabadhi hata moja anakupa matumaini tu.

Jinsi ya kumtambua wakili halali

Kila wakili anayehudumu lazima awe na cheti cha kuhudumu cha mwaka huo. Chama cha Mawakili nchini, LSK, kina sajili mtandaoni ambamo mtu anaweza kutafuta jina la wakili na kuona iwapo ameidhinishwa. Usikomee kwenye jina. Linganisha na uso, afisi na nambari ya simu. Oktoba 2023 tawi la chama hicho jijini Nairobi lilitahadharisha umma kuhusu mtu aliyedaiwa kutumia jina la wakili mwingine ili kuhudumu.

Sheria inakataza kuwatafutia mawakili wateja kwa malipo. Mtu anayekushika mkono nje ya mahakama na kudai atakupeleka kwa wakili wa bei nafuu si mtu wa kumwachia cheti chako cha ndoa. Vilevile, wakili mmoja hawezi kuwawakilisha mume na mke wanaobishana.

Ada na risiti

Ada za mawakili huongozwa na viwango vilivyowekwa kisheria, na wakili haruhusiwi kutoza chini ya hapo ili kuvutia wateja. Vilevile haruhusiwi kufanya makubaliano ya kulipwa endapo tu atashinda kesi. Makubaliano ya ada yaliyoandikwa na kutiwa sahihi na mteja huwa na nguvu ya kisheria, kwa hivyo yasome kabla ya kutia sahihi.

Yaandikwe mambo haya: ni mashauri yapi yanayolipiwa, iwapo ada inajumuisha gharama za mahakama, kumpelekea mlalamikiwa hati, nauli za wakili na ushuru wa VAT, malipo yatafanywa kwa awamu ngapi, na itakuwaje kesi ikimalizwa kwa upatanisho kabla ya kusikilizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tangu Machi 2024 mahakama kote nchini hupokea kesi kwa njia ya mtandao. Kwa hivyo wakili aliyefungua kesi yako anaweza kukupa nambari ya kesi na risiti ya malipo ya mahakama. Asiyeweza kukuonyesha viwili hivyo baada ya majuma kadhaa ana maswali ya kujibu.

Mteja asiyekubaliana na kiasi cha ada anaweza kutaka gharama zikadiriwe na afisa wa mahakama. Malalamiko kuhusu utovu wa nidhamu hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Afisi ya Mwanasheria Mkuu. Unaweza pia kubadilisha wakili wakati wowote, mradi mahakama na upande wa pili wajulishwe.

Wasio na uwezo

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiomudu wakili. Mashirika kama FIDA-Kenya, linalowatetea wanawake na watoto, na Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, hutoa ushauri pia. Mtu ana haki ya kujiwakilisha mwenyewe, na mahakama inaweza kuagiza mtoto apewe wakili kwa gharama ya serikali.

Anayekwenda kuonana na wakili na abebe cheti cha ndoa au majina ya mashahidi wa ntheo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo na matibabu, hati za mali, na karatasi moja yenye tarehe muhimu za ndoa yake. Saa ya kwanza na wakili ina gharama. Usiitumie kutafuta kumbukumbu. Itumie kuuliza ni mashauri mangapi, mahakama zipi, na lipi litangulie. Majibu yakiwa hayaeleweki, usilipe bado.