Damu Haina Haraka: Kupimwa Ukimwi Nyeri Tangu Enzi za ELISA

Nilipoingia maabara miaka ya tisini, Nyeri ikiwa bado makao makuu ya Mkoa wa Kati, aliyepimwa virusi vya Ukimwi alitolewa damu mkononi kwa sindano, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kipimo kilikuwa ELISA, kilichoidhinishwa Marekani Machi 1985. Sahani yake ina vishimo 96, na dawa zake zilikuwa ghali mno kumwagwa kwa damu ya mtu mmoja. Basi tulingoja sahani ikaribie kujaa. Muuza viazi wa Karatina akipiga hesabu ya nauli na siku ya soko atakayoikosa, mara nyingi hakurudi. Majibu yake yalibaki kwenye daftari letu.

Watu walidhani huko kungoja ni uzembe wa maabara tu. Kulikuwa na kungoja kwingine kusikoonekana. ELISA ile haikutafuta virusi. Ilitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa. Mwili huchukua wiki kadhaa kuwaunda hadi waonekane. Katika kipindi hicho cha dirisha mtu ana virusi, anaweza kuambukiza, na kipimo kinasema hana. Ndiyo maana enzi hizo tulimtaka mtu arudi baada ya miezi mitatu, na wengine waliambiwa sita.

Dirisha hilo liligusa hata damu ya kuongezewa wagonjwa. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998 serikali iliunda huduma ya taifa ya damu, na miji yetu ya mlimani ikapata kituo cha kanda pale Embu. Wachangiaji damu wengi wakawa wanafunzi wa sekondari. Hatukuwachagua kwa kuwa na nguvu tu: kundi lenye maambukizi machache lina watu wachache waliomo ndani ya dirisha, na chupa ya damu ya mtu aliye ndani ya dirisha hupita kipimo bila kushukiwa.

Novemba 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Muda si muda vyumba vya VCT, yaani vya ushauri nasaha na kupimwa kwa hiari, vikafunguliwa, kuanzia Nanyuki hadi Kerugoya. Tone la damu la kidoleni liliwekwa kwenye kipimo cha Determine, jingine kwenye kipimo cha Uni-Gold, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu hakuna anayestahili kuambiwa ana virusi kwa ushahidi wa kipimo kimoja. Ndani ya nusu saa mtu alikuwa na jibu lake, tena akiwa amekaa na mshauri nasaha.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa. Kwa kuwa jibu lilikuja upesi, watu waliamini kwamba na damu imekuwa na haraka. Ikazuka desturi ya wachumba kutakiwa na kanisa walete karatasi ya kupimwa. Sheria ya mwaka 2006 ilikataza kumlazimisha mtu apimwe ndipo aolewe au aoe, lakini desturi haikukoma. Wawili walikuja Ijumaa, harusi ikiwa Jumamosi, wakaondoka wakishikana mikono. Sikuwahi kuwaharibia furaha, ila niliwaeleza: karatasi hii inathibitisha mambo ya kuanzia miezi mitatu iliyopita kurudi nyuma. Ya majuzi haiyajui. Viazi vilivyopandwa jana havichimbwi leo, hata jembe likiwa jipya.

Majembe mapya yamekuja kweli. Kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili pamoja na kipande cha virusi vyenyewe huweza kuona maambukizi kati ya siku 18 na 45. Cha kidoleni kinachotafuta kingamwili pekee huhitaji kati ya siku 23 na 90. Kinachosaka chembe za urithi za virusi huanza kuona kati ya siku 10 na 33. Hakuna kinachoona siku ya pili. Tangu mwaka 2017 Kenya imeruhusu watu kujipima wenyewe nyumbani, na kijana anaweza kununua kifaa kwenye duka la dawa Jumatatu kwa ajili ya jambo la Jumamosi, kisha atembee mjini akijiona ameokoka.

Kijana huyo anapoteza zaidi ya pesa. Akifika hospitali kabla ya saa 72 kupita, anaweza kupewa PEP, dawa za siku 28 za kuzuia virusi visijikite. Kila saa inayopita inapunguza nafasi yake. Kwa hiyo wanaonisimamisha karibu na stendi ya Nyeri wakiniita daktari, wakitaka kujua kipimo kipi ni kizuri, huwauliza kwanza walijihatarisha lini. Akisema jana, namwelekeza kwenye dawa leo hii. Watampima kabla ya kumpa. Kisha arudi baada ya wiki sita, na tena miezi mitatu ikitimia. Akisema ni mwaka jana na hajajihatarisha tena, kipimo cha leo kinamtosha.

Zamani tulingoja baada ya kutoa damu. Siku hizi tunatakiwa kungoja kabla ya kuiamini.